Isiyo na kikomo, isiyo na mwisho, isiyo na mpaka: yametoka wapi na tutumie lipi wapi?

mwalimu_iramba

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha hisabati sekondari, huku Iramba, Singida. Kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini mwanafunzi akikwama narudi kwenye Kiswahili, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wenu.

Tulikuwa kwenye desimali zinazojirudia, Kidato cha Kwanza. Ukigawanya 1 kwa 3 unapata 0.333 na tatu zinaendelea tu. Nikawaambia, "Hizi tatu hazina mwisho." Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, hazina mwisho au hazina kikomo? Maana ulisema mstari kutoka A mpaka B una nukta zisizo na mwisho, na mwisho wake tunauona, ni B." Nikamwambia swali lake nalichukua, nitalirudisha darasani nikiwa na jibu la kueleweka. Ana hoja. Kipande cha mstari kina ncha mbili unazoweza kuzigusa kwa kidole, na hata hivyo nukta zilizomo ndani yake haziishi.

Nilipolipeleka swali chumba cha walimu, mwenzangu mmoja akasema tusijisumbue, Kiswahili hakina neno la infiniti. Kinazungukazunguka: "isiyo na kikomo", "isiyokuwa na ukomo", "isiyo na mwisho". Lugha yenye dhana yake, akasema, ina neno lake moja. Sikubaliani naye hata kidogo, ila nataka nimjibu kwa ushahidi. Kwa kumwinulia sauti tu sitakuwa nimemjibu.

Basi naomba wenye kujua mnisaidie. Kikomo na ukomo vimetoka wapi? Vinatofautianaje na mwisho, mpaka na milele? Na huko mliko, neno gani hasa linatumika, na kwa jambo gani? Nitashukuru mno nikipata mifano ya matumizi, siyo maana za kamusi peke yake.

bi_mhariri

Mwalimu, salaam kutoka Unguja. Nimehariri vitabu vya shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali la binti huyo ni zuri kuliko maswali mengi niliyokutana nayo kwenye miswada. Mpe hongera yake kutoka kwangu.

Nianze na huyo mwenzako. Mwambie hivi: neno la Kiingereza analolisifu, infinity, limetoka Kilatini, infinitus, nalo ni "in" ya kukanusha na "finis", yaani mwisho. Wayunani walisema apeiron, "a" ya kukanusha na "peras", yaani kikomo. Mwanafalsafa Anaksimanda wa Mileto, mji uliokuwa pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 6 kabla ya Kristo alifundisha kwamba chanzo cha vitu vyote ni hiyo apeiron. Wahindi kwa Kisanskriti husema ananta, "an" ya kukanusha na "anta", mwisho. Wote hao wamesema "bila". Hakuna aliyepata neno la kuutaja utupu huo wa mipaka moja kwa moja, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuuona. Tunachokiona ni kikomo, kisha tunakikana. Kiswahili kinakana kwa "isiyo na" badala ya kubandika silabi mbele ya neno, na hiyo ni sarufi yetu. Umaskini hapo sijauona.

Ila sasa ndipo linapokuja la binti. Ikiwa njia ni kukana, basi lazima ujue unakana nini. Kiswahili kina vikomo vya aina nyingi, na kila kimoja kina kitenzi chake nyuma yake.

Mwisho umetokana na kwisha. Unga umekwisha, mafuta ya taa yamekwisha. Kitu kilikuwapo, kimetumika, hakipo tena. Kwa hiyo "isiyo na mwisho" kwa asili yake inasema: haiishi, ukichota bado ipo.

Kikomo kimetokana na kukoma, nako ni kuacha kuendelea. Mvua imekoma, lakini mawingu bado yapo juu, hatusemi yamekwisha. Mtoto aliyeambiwa akome hajamalizika, ameacha tu alichokuwa akifanya. Barabara inakomea mtoni, na ng'ambo ya mto nchi inaendelea. Hata tunda lililokomaa, kwangu mimi ni wa ukoo huohuo: limefika pale ukuaji unapokoma. Kikomo basi ni cha mwendo, cha kitendo, cha jambo linaloendelea.

Mpaka una ndugu yake, kupakana. Shamba lako limepakana na la jirani, na huko kwenu mnapanda minyaa kuonyesha hivyo. Hakuna mpaka wa mtu mmoja. Ukisema kitu hakina mpaka unasema ng'ambo yake hakuna mwingine, kimeenea chote. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952, walipofika Zaburi ya 147, waliandika kuhusu Mungu "Akili zake hazina mpaka". Kiebrania pale kinasema akili zake hazina hesabu. Wangeweza kuliacha neno la hesabu, nao wakachagua mpaka, na kila nikiusoma mstari ule naona walichagua vyema, kwa sababu Kiswahili cha hesabu kingeufanya usikike kama wa kuhesabia fedha.

Na upuuzwe usipuuzwe, upo pia upeo, kutoka kupea, kufika ukubwa wake wote. Upeo wa macho ni pale macho yako yanapoishia. Mvuvi wa Nungwi anauvuka kila alfajiri na bahari bado iko mbele yake. Upeo ni wa mtazamaji. Kwenye hisabati usiuguse.

Sasa rudi ubaoni na 1 gawanya kwa 3. Kwa nini tatu zinaendelea? Kwa sababu kila hatua unagawanya 10 kwa 3, unapata 3, inabaki 1, na 1 hiyo ikipata sifuri inakuwa 10 tena. Baki haibadiliki, kwa hiyo kazi ya kugawanya haina pa kukomea. Hilo ndilo linalokosekana, kukoma. Lakini angalia thamani yenyewe: haivuki 0.34 hata ukiandika tatu mpaka ubao ujae. Thamani ina mpaka, tarakimu ndizo zisizo na kikomo. Linganisha na 1 gawanya kwa 4: 0.25, kazi inakoma. Kwa hiyo mimi ningewafundisha "desimali inayokoma" na "desimali isiyokoma", na mtoto wa Kiswahili ataelewa bila kukaririshwa.

Kipande cha mstari A mpaka B: kina ncha, kina urefu, kina mpaka. Kinachokosa kikomo ni kuzitaja nukta zake, maana kati ya nukta mbili utapata nyingine kila mara. Duara ni kinyume chake. Lifuate kwa kidole, hutafika mwanzo wala mwisho, na bado mzingo wake unapimika. Uso wa dunia nao hivyohivyo, ukitembea hufiki ukingoni, lakini eneo lake ni takriban kilomita za mraba milioni 510. Mwambie binti: kukosa mwisho na kukosa kipimo ni mambo mawili.

Jambo moja zaidi nalisisitiza. Usimruhusu mtoto aseme "isiyohesabika" akimaanisha isiyo na kikomo. Mchanga wa pwani tunasema hauhesabiki, lakini una kikomo. Archimedes wa Sirakusa, mwanahisabati wa kale, aliandika kitabu kizima kumwonyesha mfalme Gelon hivyo: alikadiria chembe za mchanga ambazo zingejaza ulimwengu wote kama ulivyodhaniwa wakati ule, akapata idadi ambayo kwa maandishi ya leo haizidi 10 kwa kipeo cha 63, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 63. Nyingi za kutisha, lakini zinakoma. Na "isiyohesabika" tunaihitaji kwa kazi nyingine. Mwaka 1874 mwanahisabati Georg Cantor alithibitisha kwamba namba zote zilizo kwenye mstari wa namba haziwezi kupangwa moja, mbili, tatu, hata ukipewa orodha isiyo na kikomo. Namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, hazina kikomo lakini zinahesabika kwa maana hiyo. Zile nyingine hazina kikomo na wala hazihesabiki. Tukizichanganya leo Kidato cha Kwanza, tutamkosesha neno akifika chuo kikuu.

mvita_kwetu

Bi Mhariri, shikamoo, umenifunza. Mie naongeza la huku Mombasa.

Shuleni Kenya tulifundishwa kwamba ile alama ya kumalizia sentensi huitwa kikomo. Wapo wanaoiita nukta, wapo wanaoiita kitone, lakini kwenye uakifishaji "kikomo" ni neno la kawaida kabisa kwetu. Sasa la ajabu ni jirani yake. Alama ya kupumzika katikati ya sentensi twaiita koma, na hiyo koma haikutoka kwenye kukoma. Imekuja na Kiingereza, na Kiingereza waliitoa kwa Wayunani, kwao ikiwa na maana ya kipande kilichokatwa. Basi mtoto anaona koma na haambiwi akome, aambiwa apumue aendelee. Niliwahi kumwona mtoto wa dada yangu akisoma kwa sauti, kila akifika kwenye koma anasimama kabisa mpaka aambiwe endelea. Kwake neno lilikuwa limesema "acha". Ndiyo maana walimu wengine wapendelea kuiita mkato au kipumuo, nami naona wafanya sawa.

Na mitaani kukoma kuna ukali wake. "Ukome!" ni onyo. "Nimekoma" ni mtu aliyepata funzo. Hata mamangu akitaka kusimulia ugomvi hasemi waliacha, asema wakakomeshana. Ni neno lenye mtu anayezuia na mtu anayezuiwa. Kwa hivyo nikisikia "upendo usiokoma" nasikia upendo ambao hakuna aliyeweza kuuzuia. Nikisikia "upendo usiokwisha", huo ni kama mtungi usiokauka. Yote mazuri, lakini si mamoja.

karani_dodoma

Mimi nafanya kazi na makaratasi ya serikali, nitasema kwa kifupi habari ya ukomo.

Ofisini ukomo si falsafa, ni kiasi ambacho mtu amekiweka. Kila mwaka idara inapewa "ukomo wa bajeti", yaani jumla ambayo mipango yenu yote isizidi. Mahakamani kuna "ukomo wa muda": kwa sheria ya Tanzania shauri la mkataba linatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 6, la kudai ardhi ndani ya miaka 12, ukichelewa bila kibali limepitwa na muda. Kwenye siasa kuna "ukomo wa vipindi vya urais", na ibara ya 40 ya Katiba ya 1977 inasema mtu hachaguliwi zaidi ya mara mbili. Sijawahi kuona waraka unaosema "mwisho wa bajeti" kwa maana hiyo. Mwisho wa bajeti ungekuwa tarehe 30 Juni.

Kwa hiyo naona kikomo ni pale jambo linaposimama, na ukomo ni ile hali ya kuwekewa mahali pa kusimama. Na matangazo ya "intaneti bila kikomo" tusome maelezo yake kwa makini: mara nyingi kisicho na kikomo ni kiasi cha data, kasi inaweza kuwa na chake. Swali lilelile la Bi Mhariri, kimekanwa nini.

katekista_wa_tukuyu

Tumsifu Yesu Kristo, na wa imani nyingine amani kwenu. Nimefuatilia, lakini mwalimu aliuliza pia milele na naona imerukwa.

Kwenye Atukuzwe Baba tunasema "kama mwanzo na sasa na siku zote na milele". Hapo milele inakwenda mbele. Lakini Zaburi ya 90 inasema "tangu milele hata milele ndiwe Mungu". Hapo inakwenda mbele na nyuma. Watoto wa mafundisho ya kipaimara wameniuliza, kama milele ni isiyo na mwisho, inakuwaje mtu aanze "tangu" milele? Nimewaeleza kwa maneno mengi. Nikipata maneno machache nitafurahi.

bi_mhariri

Katekista, asante kwa kulileta, na sikulisahau. Ni refu, nilitaka lipate nafasi yake.

Zaburi ile kwa Kiebrania inatumia neno moja, olam, pande zote mbili, na wafasiri wakafanya vivyo hivyo kwa milele. Waliheshimu asili. Ila Kiswahili cha pwani kilikuwa tayari na maneno mawili yaliyogawana kazi hiyo, nami niliyajua nikiwa mtoto chuoni, yaani madrasa, kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kirumi.

Kwetu tulisomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, kwa kughani, tumekaa juu ya mkeka. Ya kwanza wujudu, kuwapo. Ya pili qidam, kutokuwa na mwanzo. Ya tatu baqaa, kutokuwa na mwisho. Angalia kwamba zimehesabiwa kuwa sifa mbili. Maalim wetu alikuwa mkali sana hapo: aliyejibu "qidam ni milele" alirudishwa nyuma akaanze upya, kwa sababu kitu kinaweza kuwa na mwanzo na kisiwe na mwisho. Pepo, alisema, imeumbwa, ina mwanzo, na haina mwisho. Nami niliposoma hisabati baadaye nikaona ndivyo zilivyo namba za kuhesabia: zinaanza na 1, hazikomi. Zikiongezwa namba hasi, ndipo zinapokosa kikomo pande zote mbili.

Kwenye mazungumzo qidam na baqaa ni za darasani, lakini Kiswahili kina azali na abadi, zote za Kiarabu. Azali ni umilele wa nyuma, usio na mwanzo. Abadi ni umilele wa mbele. Wazee wakisema "azali na abadi" wamezifunga pande mbili kwa maneno mawili. Kwa hiyo, Katekista, waambie watoto: "tangu azali hata abadi". Hutakuwa umebadilisha Zaburi, utakuwa umewafafanulia.

Lakini haya maneno nayo hayakukaa kimya. Siku hizi mtu anasema "tangu azali sisi ni wakulima", naye anamaanisha tangu babu wa babu yake. Limepungua, limekuwa "zamani sana". Mimi sipendi lipungue hivyo, kwa sababu zamani sana tunayo maneno kumi ya kuisema, na isiyo na mwanzo tunalo hili moja. Abadi nayo ilizaa abadani, na huko ikageuka kuwa neno la kukataa: "Abadani, sitoki." Ule umilele wote umetumika kumwambia mtu hapana. Haikuharibika, imefuata njia ya Kiarabu chenyewe, ambako neno hilo likikaa na kikanushi maana yake ni kamwe. Na daima dawamu, kama mtasikia kwenye nyimbo za harusi, ni mzizi mmoja wa Kiarabu umerudiwa mara mbili kwa kukazia, wa kudumu.

Milele basi, Mwalimu, ni ya wakati. Usiseme tatu zinaendelea milele. Hazina saa. Ukiandika kwa dakika au kwa karne, desimali ni ileile.

maskati_bweni

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimelelewa Maskati, nyumbani Kiswahili, shule Kiarabu. Kwa huyo mwalimu anayedai neno lazima liwe moja, napenda kumpa mfano wa darasani kwetu. Infiniti kwa Kiarabu cha hisabati ni "ma la nihaya", yaani kile kisicho na mwisho. Maneno matatu, tena ni lugha iliyokuwa ikiandika aljebra kabla ya nchi nyingi za Ulaya. Hakuna mwalimu aliyetuambia Kiarabu kina upungufu. Tulichora nane iliyolala, ile aliyoitumia mwanahisabati Mwingereza John Wallis mwaka 1655, na kuisoma "ma la nihaya", kazi ikaendelea.

Nihaya iko pia kwenye Kiswahili, mnajua? Lakini imehama. Bibi yangu alikuwa akisema "nimefurahi nihaya", yaani mno. Kwa Kiarabu nihaya ni mwisho. Kiswahili kimechukua mwisho na kuufanya kipimo cha wingi: nimefurahi mpaka mwisho wa furaha.

Lingine ni lukuki. Vijana wanaliandika kwa kila kitu, matatizo lukuki, wasanii lukuki. Asili yake ni laki, hesabu ya Wahindi ya 100,000 iliyofika pwani na biashara. Waarabu waliipokea wakaitia wingi wao, lukuk. Kwa hiyo lukuki ni malaki. Ni nyingi, lakini ni fedha iliyo mezani, mtu anaweza kukaa akazihesabu. Nakubaliana na Bi Mhariri, neno hili lisiingie kwenye infiniti.

mvita_kwetu

Maskati umenikumbusha "hadi". Hiyo nayo si ya Kiarabu, hadd, mpaka? Na mpaka wetu wenyewe. Yote mawili yalikuwa majina ya mahali pa kuishia, leo twasema "kutoka Likoni mpaka Diani", "hadi kesho". Jina la kikomo limekuwa neno la njiani.

bi_mhariri

Ndivyo, mwanangu. Na adhabu za hadi katika sheria ya Kiislamu ni mzizi huohuo, mipaka aliyoiweka Mungu. Ndiyo maana mimi huwaambia waandishi wasiandike "mpaka isiyo na mpaka". Nimeyakuta maneno hayo kwenye mswada, na aliyeandika hakuwa akicheza na maneno.

mwalimu_iramba

Shikamoo Bi Mhariri, na asanteni nyote. Sikutarajia kupata haya.

Nimerudi darasani. Nimewaacha wagawanye wenyewe, 1 kwa 3, 1 kwa 4, 1 kwa 7, 1 kwa 8, na kila baki waiandike pembeni. Kwa 7 baki zilikwenda 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, na darasa zima likaona mzunguko unarudi kabla sijasema neno. Mmoja akasema, "Haiwezi kukoma kwa sababu sifuri haimo kwenye baki." Nikaandika sentensi yake ubaoni kama alivyoisema. Yule binti akauliza kama baki ya kugawanya kwa 7 ingeweza kutojirudia. Wakahesabu: baki zinazowezekana bila sifuri ni sita tu, kwa hiyo lazima irudi. Kikomo cha baki ndicho kinachofanya tarakimu zijirudie. Sikuwa nimelipanga somo liende hivyo na nimefurahi nihaya, kama asemavyo bibi wa Maskati.

Mwenzangu nilimpa infinitus, apeiron, ananta na ma la nihaya. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Limebaki moja la sarufi. Wanafunzi wameandika kwenye madaftari: "Kuna namba zisizo na kikomo kati ya 0 na 1." Naona kuna kitu hakijakaa, ila sijui nisahihishe vipi.

bi_mhariri

Marahaba mwanangu. Darasa lako limenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kitu kisichokaa ni upatanisho. "Zisizo" imeshikamana na namba, kwa hiyo sentensi inasema kila namba mojamoja haina kikomo. Hicho si walichokusudia, maana 0.25 iko kati ya 0 na 1 na inakoma vizuri tu. Kinachokosa kikomo ni idadi. Basi waandike: "Idadi ya namba zilizo kati ya 0 na 1 haina kikomo." Wakizungumzia desimali moja, kama ile ya 1 gawanya kwa 3, waandike: "Tarakimu za desimali hii hazikomi." Wakizungumzia mstari ulionyooka unaokwenda pande zote mbili: "Mstari huu hauna kikomo upande wowote." Kwa kipande cha A mpaka B waandike: "Kipande hiki kina ncha mbili, na idadi ya nukta zake haina kikomo."

Kabla ya kila sentensi wajiulize kiambishi kimemshika nani: ha-, hau-, hazi-. Aliyeshikwa ndiye anayekosa kikomo. Na yule wa "sifuri haimo kwenye baki", usimsahihishe chochote.